Dume Halinyimwi Jirani

Mzee Marwa alikuwa anacheka siku ile, na mimi nilikuwa natazama sisimizi.

Nilikuwa nimefika kwake Issenye kwa bodaboda na kifuko changu cha vipimo, safari ya kawaida ya kukagua mbwa tuliowaweka kwenye miji ya watu, yaani maboma yao. Kengele, dume letu jekundu lenye mkia uliojikunja kama pete, alikuwa amezamisha mdomo kwenye birika la kunyweshea ndama. Akanywa mpaka nikachoka kumtazama. Akaenda kando ya zizi akakojoa, akarudi kunywa tena. Pale alipokuwa amekojoa asubuhi udongo ulishakauka, na juu yake sisimizi walikuwa wametanda kama wamemwagiwa chai ya sukari. Hatua chache pembeni kulikuwa na alama ya mbwa mwingine wa mji huo. Hapo hapakuwa na sisimizi hata mmoja.

Nilichuchumaa nikakaa hivyo.

"Mama Chacha," Mzee Marwa akaniita kutoka mlangoni, "siku hizi unasalimia wadudu kabla ya wenye mji?"

Nikampa shikamoo nikiwa bado chini. Kisha nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua, kama Kengele amepandisha majike tangu aletwe. Hapo ndipo alipozidi kucheka. Akaniambia nimwangalie vizuri, dume kama lile watu wataacha kulifuata? Mbwa wetu wa kike walikuwa wamewekwa kwenye miji mingi ya kata ile, na wote waliletwa kwake. Na mabinti wa Kengele walipokua, wakaletwa nao kwa baba yao.

"Kwetu dume halinyimwi jirani," akasema. "Aliyekuja, alipata."

Alisema kwa fahari, na alikuwa na haki ya kuona fahari. Mimi nikakaa kwenye vumbi kama mtoto. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuwa na dakika mbaya kuliko ile, na nimeumwa na mbwa, nimepigwa teke na punda, nimefukuzwa kazi.

Ninyi mnaosoma, hasa vijana mnaofuga mbwa kwa ajili ya picha za simu, hamwezi kuelewa kwa nini sisimizi wamkalishe mtu mzima chini mpaka nianze mwanzo.

Niliingia kazi hii nikiwa na mtoto mgongoni na darasa la nne kichwani. Nje kidogo ya Issenye kulikuwa na kituo kidogo cha kufuga basenji. Hao ni mbwa wadogo ambao asili yao ni misitu ya Kongo, masikio yamesimama, paji la uso lina mikunjo kama mzee anayefikiria mahari. Hawabweki kama mbwa wengine. Wana mlio wao, unapanda na kushuka kama mtu anayejaribu kuimba huku anapiga miayo. Ndiyo maana wawindaji wa kule kwao huwafunga kengele shingoni, la sivyo watapotelea porini. Wanajilamba wawe safi kama paka. Na kama paka, ukiwaita wanakuja wakipenda.

Mkuu wa kituo alikuwa Daktari wa Mifugo, mama mfupi mwenye sauti ya kupasua mabati. Siku yangu ya kwanza nilidhani nitapewa ufagio. Akanipa upawa wenye mpini mrefu.

"Mfuate yule jike," akasema. "Akichuchumaa kukojoa, kinga. Usimwage."

Jike lile liliitwa Malkia. Alinitazama, akautazama upawa, akaelewa. Nilimfuata kuanzia umande mpaka jua la utosi. Akisimama nasimama, akikaa nakaa. Watu waliokwenda kisimani walisimama kutazama, na mama mmoja akaniuliza kama huyo mbwa ananidai. Mwisho nikachoka, nikageuka pembeni kumnyonyesha mwanangu. Malkia akakojoa pale pale, nyuma ya mgongo wangu, kwa raha zake.

Nilidhani nimeshafukuzwa. Daktari akacheka mpaka akashika ukuta, akasema nimejifunza somo la kwanza: huyu hafanyi kitu kwa sababu umetaka. Kesho yake nilijifanya napepeta mahindi, upawa umefichwa kwenye kanga, na mkojo nikaupata.

Kwa nini mkojo? Basenji ana ugonjwa wa ukoo unaoshika figo. Figo ikiwa nzima inachuja, inabakiza kilicho chema na kutoa taka. Ikishikwa na ugonjwa huu inamwaga vyote pamoja, sukari na chumvi za mwili, mbwa anakunywa maji bila kukoma na kukonda mpaka anakufa. Tulichovya kwenye mkojo kikaratasi cha kupimia sukari. Kikibadilika rangi, hatari. Daktari akaniambia pia kwamba siku ukikosa kikaratasi, watazame sisimizi, maana wao hawakosei sukari ilipo. Nilicheka siku hiyo. Nilidhani ananitania.

Lakini mkojo peke yake hautoshi, na hili naomba mlishike maana ndipo kisa changu kilipofungwa. Ugonjwa huu unachelewa. Mbwa aliyeurithi ukooni anaweza kukaa miaka ya ujana wake yote mkojo wake ni safi, anaruka, anazaa. Ukija kuona sukari, wajukuu wake wameshaenea. Kwa hiyo tulikuwa na kipimo kingine: kijiti chenye pamba unakisugua ndani ya shavu la mbwa, unakikausha, Daktari anakituma nje ya nchi. Jibu linarudi na moja kati ya maneno matatu: safi, mbebaji, au mgonjwa. Mbebaji haugui, ila anabeba. Ukimpandisha na aliye safi hakuna mtoto atakayeumwa. Mbebaji kwa mbebaji, watoto wengine watakufa vibaya. Na yule mgonjwa, hata kama leo anang'aa, kila mtoto wake atabeba.

Tulipima na macho pia. Tulimwingiza mbwa kwenye chumba chenye giza, Daktari akamulika pazia la nyuma ya jicho, maana kuna basenji wanaopofuka taratibu, wakianza kugonga vitu jioni. Tukakagua nyonga kwa kumtembeza na kumkunja miguu. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa haina mjadala. Sisi tunaishi karibu na wanyama wa porini, ugonjwa wa mbwa mmoja hauishii uani kwake.

Na basenji jike hupata joto mara moja tu kwa mwaka. Ukikosea dume, umeharibu mwaka.

Watu walitucheka. Walisema mbwa asiyebweka analinda nini, na mbona anapimwa kuliko wajawazito. Daktari aliwajibu kwa lugha yao. Aliwauliza: ninyi mkitaka kuoa, si mnatuma watu wakachunguze ukoo? Hamuulizi kama kuna wizi, kuna kifafa, kuna ugomvi? Na mnaoa ndani ya ukoo wenu? Mzee mmoja akasema, "Kumbe huyu mama anawatafutia mbwa wachumba." Tangu siku hiyo kazi yetu ikaitwa uchumba, na ikaeleweka.

Jambo jingine tulilolichukua kwa wenyeji ni kufugisha. Mkurya mwenye akili hakai na ng'ombe wake wote zizi moja. Anawagawa kwa marafiki, ili ugonjwa au wezi wakija wasimalize mali yote. Sisi tukafanya hivyo kwa mbwa. Jike lililopimwa linawekwa kwenye mji wa mtu mwaminifu, analitunza, anapata watoto wake, na wengine wanarudi kituoni. Nilizunguka miji hiyo kwa baiskeli, baadaye kwa bodaboda. Nilipewa ugali, nilipewa maziwa ya mgando, niliitwa Mama wa Mbwa na sikukasirika. Niseme ukweli: niliipenda kazi ile. Hata leo nikikumbuka watoto wa mbwa wanaofungua macho, wanavyonuka maziwa na majani makavu, moyo unatulia.

Kisha Daktari akahamishwa, akapelekwa mbali. Wenye kituo wakafungua tawi Kewanja, kijiji kilicho ubavuni mwa mgodi, ambako watu wanajenga haraka na wanataka mbwa haraka. Nikapelekwa huko chini ya Meneja. Jina lake ni Zakaria. Nalitaja kwa sababu yeye hajawahi kusita kutaja langu.

Zakaria alikuwa mtu wa kuvaa vizuri na kuongea taratibu. Hakumpiga mbwa, hakumnyima chakula, hilo namwachia. Ila vipimo aliviona kama wivu. Nikisema tusubiri jibu la pamba, ananiambia mteja yuko getini. Siku moja nilimkatalia kutoa mzao ambao mama yao hajapimwa macho, akanivuta pembeni kwa upole kabisa.

"Mama Chacha, mteja hanunui mkojo. Ananunua mkia."

Nilimjibu kwamba mkia hauchuji damu. Akatabasamu, akawatoa watoto wale.

Kengele alizaliwa pale Kewanja. Alikuwa mzuri, sitadanganya. Kifua, miguu myeupe kama amekanyaga unga, na mkia wa pete mbili. Nilimsugua pamba shavuni mimi mwenyewe, na kijiti kikatumwa kwa Daktari kama kawaida ili aendelee kukipeleka nje. Majibu yalirudi kwake, na yeye alimpigia Meneja. Mimi nilimpima Kengele mkojo, ukawa safi. Kisha nikamuuliza Meneja jibu la pamba linasemaje.

"Kijana yuko sawa," akasema. "Mpeleke Issenye kwa Mzee Marwa, akae kule awe dume la kata."

Nikampeleka. Nilimpakata kwenye bodaboda njia nzima, masikio yake yanapigwa na upepo.

Mzee Marwa alitoka Tarime zamani akahamia Serengeti na ng'ombe wake, na alitoka na desturi zake pia. Kwake, mwenye dume zuri akimnyima jirani ametangaza uadui. Hujui? Dume la ng'ombe la mtu mmoja ni la kitongoji kizima, jike likipata joto mtoto anatumwa aende nalo, hakuna anayeomba mara mbili. Mzee akamtendea Kengele vile vile. Daktari angelijua hilo mapema na angekaa naye wazungumze. Zakaria naye alilijua, ila alilipenda. Kila mzao uliopatikana kata ile, sehemu yetu ilirudi Kewanja, na kutoka pale aliuza mwenyewe. Wengine walibaki Kewanja, wengine walikwenda Tarime mjini, na wengine aliwapitisha kwa dalali mmoja wa Sirari anayeitwa Paulo. Kila mnunuzi aliambiwa mbwa wake ametoka kwenye ukoo uliopimwa.

Sasa mnaweza kurudi nami pale zizini, nimekaa kwenye vumbi.

Nilitoa kikaratasi. Kengele hakutaka, nikajifanya nafunga kiatu, nikampata. Kikaratasi kiligeuka rangi kabla sijahesabu. Nikampigia Daktari kule aliko, nikamwambia Kengele ana sukari kwenye mkojo.

"Ghati," akasema, akiniita kwa jina langu, "yule mbwa bado anapandisha?"

Nikamwambia amepandisha kata nzima, na mabinti zake.

"Jibu lake nilimpa Zakaria kwa mdomo wangu, kabla hujampeleka huko. Mgonjwa. Nikamwambia ahasiwe. Akaniambia amenielewa."

Ndiyo basi. Zakaria hakuwa mtu aliyekosea kusikia, wala aliyesahau. Alielewa.

Nilipomaliza kuongea na simu Mzee Marwa alikuwa hacheki tena. Nilimweleza kwa Kikurya, maana kuna mambo Kiswahili changu hakiyafikishi. Nilimwambia dume lake ni mgonjwa tangu tumboni, kila mtoto wake anabeba, na nusu ya wale aliozaa na mabinti zake wataanza kuugua mmoja mmoja miaka ijayo, wakati leo wanaruka. Aliuliza swali moja tu, kama nilijua nilipomleta. Nikamwambia sikujua. Akamwita Kengele. Kwa maajabu, Kengele akaja.

"Maksai analima mpaka anazeeka," akasema akimshika masikio. "Na wewe utakuwa maksai."

Wiki ile ile mtaalamu alikuja kumhasi. Nimewaona wanaume wa kwetu wakikataa jambo hilo kwa mbwa, wanasema ni kumvunjia heshima. Mzee Marwa alimshika mwenyewe. Kisha akafanya ambalo sikumwomba. Akaenda mji kwa mji, na fimbo yake, mimi nyuma na kifuko, akasema kila mlango maneno yale yale: dume nililowapa lilikuwa na ugonjwa, sikujua, msipandishe tena watoto wake. Wengine walimkaribisha. Kwenye mji mmoja kijana alimcheka kwamba mzee mzima anaomba radhi kwa ajili ya mbwa. Mzee akamwita mura, yaani kijana: "Mura, sikuja kwa ajili ya mbwa. Nimekuja kwa sababu nilikupa."

Mimi nilipanda gari kwenda Kewanja kumwona Zakaria. Nilimkuta anamwonyesha mteja mtoto wa jike mwekundu. Nikasubiri mteja aondoke, sikutaka kumwaibisha mbele za watu, na hilo najuta kidogo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mkojo niliupima mimi mwenyewe ukawa safi, kwa hiyo mwenye kosa ni nani. Nikamwambia arudie maneno ya Daktari. Akasema Daktari hayupo hapa. Basi nikamwomba kitu kimoja: aniambie watoto wa Kengele na wajukuu zake wamekwenda kwa nani, tuwafuate, wapimwe wakiwa wadogo. Ugonjwa huu ukikamatwa mapema kuna dawa za kurudishia mwili chumvi zake, mbwa anaishi miaka. Ukichelewa unamzika.

"Wateja ni siri ya kazi," akasema. "Na wewe, darasa la nne lisikudanganye. Huyu ni mbwa, hana cheti cha ndoa."

Mwisho wa mwezi hakunihitaji tena. Hivyo ndivyo nilivyoondoka Kewanja. Tawi nalo halikukaa sana, likafungwa, na kituo cha Issenye baadaye. Wenzangu wote wa enzi zile wameacha mbwa, wapo kwenye mahindi na kwenye mgodi. Mimi nilipata kazi kwenye duka la dawa za mifugo hapa Nyamisangura. Mwenye duka, Mwislamu mmoja mwema wa Tarime, alinikabidhi kona ya mbwa yote, kwa sharti kwamba asiguswe na ulimi wa mmoja wao. Nilimtumikia mpaka magoti yalipokataa kusimama. Juzi juzi nimeacha.

Sasa niko nyumbani. Sina malalamiko na maisha, msinielewe vibaya. Nina majike wawili, mama na binti, wote wamesuguliwa pamba, wote safi, macho yao Daktari ameyamulika alipopita likizo. Asubuhi wanakaa kwenye jua wakijilamba na kunidharau. Vijana wa mtaani wanakuja kuniuliza, shikamoo mama, huyu nimpandishe na yupi? Nawauliza wao kwanza: umechunguza ukoo? Wanacheka, lakini wanarudi na kijiti. Mbwa wa kata ile ya Issenye tuliwafikia wote, Mzee Marwa na mimi. Wako vijana pale leo hawampi mtu dume bila jibu la pamba, na hakuna jirani anayeona ametukanwa. Hiyo ndiyo kazi yangu, na ninalala vizuri kwa ajili yake.

Ninachokosa ni wale waliopitia mkononi mwa Zakaria. Mwaka huu mama mmoja alikuja dukani na mbwa mwekundu, mkia wa pete mbili, mbavu zinahesabika. Alisema anakunywa ndoo. Nilimuuliza alimpata wapi, akasema kwa mtu wa Sirari. Sikuhitaji kikaratasi. Alikuwa amechelewa, nikamsaidia kumpumzisha kwa sindano ya mwisho, na nikamwangalia yule mama akikunja kamba ya shingo na kuitia mfukoni. Kuna wengine kama huyo wanaruka uani kwa watu hivi sasa, na wenyewe wanasema mbwa wao ana afya.

Zakaria hakuondoka wilayani. Ana banda lake mwenyewe, namwona akipita Nyamisangura kwa pikipiki, na akiniona ananipungia mkono.

Basi hiki ndicho ninachotaka, na nakiandika ili asiseme hakusikia. Sitaki radhi yake, mimi hakunikosea kuliko wengine. Kwetu kuna iritongo, mkutano wa watu wote, ambako aliyekosa husimama akasema mbele ya waliokosewa. Mzee Marwa amekwisha kusema atauita uani kwake siku yoyote Zakaria atakayochagua. Hatapigwa, hatatozwa hata kuku. Asimame pale, Paulo wa Sirari kando yake, ataje aliowapa damu ya Kengele, mmoja baada ya mwingine, mpaka amalize. Mzee mwenye fimbo aliweza kwenda mlango kwa mlango kwa kosa ambalo si lake. Wewe mwenye pikipiki unashindwa nini?

Kengele bado yuko hai, kwa dawa na kwa mkono wa Mzee Marwa, anayemjazia birika kila siku. Njoo, Zakaria. Utamkuta anakunywa. Useme mbele yake.